Gari la Kimo cha Mama

Mafundi wa ile gereji walikuwa na mengi ya kumcheka Nati, lakini asubuhi aliyoingia na springi fupi mkononi walimcheka mpaka mmoja wao akakaa juu ya tairi bovu, ameshika mbavu.

"Yaani wewe!" alisema fundi rangi. "Mtu mzima na kipara chako, gari la kupeleka watoto shule, leo unataka kulishusha litambae kama la vijana wa mashindano? Sema ukweli. Una mtu wa pembeni unayetaka kumpitia."

"Mkewe anajua?" akadakia fundi umeme.

Nati alitandika gunia sakafuni. Jina hilo hawakumpa bure. Akishajifunga kwenye jambo humfungui kwa spana ya kawaida, na ukilazimisha utavunja spana. Alipanga springi zake nne juu ya gunia, akavaa ovaroli, akasukuma jeki chini ya gari lake mwenyewe. Lilikuwa gari la familia, la kukaa juu, la namna ambayo mtu wa kimo cha kawaida hupanda akijivuta kidogo kwa mkono na mtu mfupi hupanda kwa kudandia. Mtu mfupi aliyevunjika nyonga hapandi kabisa. Shida yote ilikuwa hapo, na waliokuwa wanacheka hawakuwa na habari.

Mtu huyo mfupi alikuwa mama yake.

Mama alikuwa fundi cherehani. Siku hizi hapokei tena nguo za watu, lakini cherehani yake bado ipo chumbani karibu na dirisha, na ole wake atakayeweka kikombe juu yake. Mwaka uliopita aliteleza kwenye sakafu yenye sabuni, nyonga ikavunjika. Madaktari wakamtia chuma, akajifunza kutembea upya kwa fimbo, na akatembea, maana Mama si mtu wa kulala akihesabu boriti za dari. Lakini siku ya kutoka hospitali alibebwa. Nati alimshika mabegani, shemeji yake akamshika miguu, wakamwinua kumwingiza kwenye gari hilo hilo refu, na pale mlangoni gauni likapanda. Watu waliokuwa wamejipanga kusubiri wagonjwa wao wakayaona mapaja ya mwanamke aliyetumia maisha yake yote kuwashonea wengine nguo za kuwasitiri.

Hakulia. Alifika nyumbani, akakaa kitandani, akasema, "Sibebwi tena. Siku nyingine mtakayonibeba nitakuwa sijui kama nabebwa." Na tangu siku hiyo hakuvuka geti ila kwa miguu, tena si mbali.

Kisha ikaja simu. Mama Mkubwa, dada wa pekee wa Mama, alikuwa akiishi mji mwingine, safari ya nusu siku kwa barabara. Alikuwa na presha ya macho, na daktari alikuwa amemwambia bila kuzunguka kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka kidogo kidogo. Sasa alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Mama aliweka simu chini. Nati na mkewe wakangoja.

"Nakwenda," alisema hatimaye. "Lakini nakwenda kwa miguu yangu. Dada yangu kabakiza macho kidogo. Hayo yakiisha, jinsi atakavyokuwa ameniona mara ya mwisho ndivyo atakavyoniona mpaka anaingia kaburini. Sasa nyie mnataka abaki na picha yangu nikishushwa garini kama gunia la mkaa?"

"Tutatafuta teksi, Mama," alisema mke wa Nati. "Zipo za chini chini."

"Halafu dereva nisiyemjua anishike kiuno? Ahsante, mwanangu."

Basi la abiria lilikuwa na ngazi, hata kulitaja hakukuwa na haja. Nati alisimama, akatoka mpaka uani, akaliangalia gari lake. Alilizunguka. Akaweka kiganja kwenye upenyo kati ya tairi na madigadi, pale ambapo springi ndiyo inayoamua gari likae juu au chini. Aliporudi ndani alikuwa ameshakata shauri.

"Nitalishusha," alisema.

"Utashusha nini?"

"Gari. Kama wewe hulifikii, lenyewe litakufuata huko chini."

Mama alimtazama kama anayekagua mshono. "Basi fanya haraka," alisema.

Duka la spea lilikuwa na springi za aina mbili zinazofaa gari lile. Za kwanza zilishusha gari kwa vidole viwili. Za pili zilishusha kwa kiganja kizima. Muuzaji alimshauri achukue za kwanza, barabara zenyewe anazijua. Nati hakutaka kusikia. Alijiambia kwamba kama chini ndiko kuzuri, basi chini zaidi ni kuzuri zaidi, akabeba za kiganja.

Kazi aliifanya kwa mikono ya mtu anayeijua. Aliegemeza gari kwenye stendi, akavua matairi, akafungua boliti za shokapu moja baada ya nyingine. Springi ya zamani aliibana kwa vile vyuma viwili vyenye parafujo ndefu, huku na huku, zamu kwa zamu, maana springi iliyobanwa ina hasira, na ikichomoka hutajua imekupiga wapi. Akaitoa. Akaweka mpya, ile kibeti, akairudisha shokapu mahali pake. Akafanya hivyo mara nne. Wenzake walipita wakitia maneno, yeye akatia pamba masikioni. Alipolishusha gari chini, likakaa limechuchumaa. Alichukua futi akapima kila upande kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi, vipimo vikalingana. Matairi yalikuwa yameinamia ndani kwa juu na usukani ulikuwa umekaa kombo, mambo ya kawaida kwa gari lililoshushwa. Hilo angelirekebisha baadaye. Kwanza alitaka Mama alione.

Alilipeleka nyumbani, na Mama akaja uani na fimbo yake. Mke wa Nati alishika mlango. Mama akageuza mgongo, akashika ukingo wa mlango, akajishusha, akakaa. Hivyo tu. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akaweka fimbo mapajani.

"Haa!" alisema, akacheka. Kilikuwa kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia tangu siku ya sabuni. "Yaani nimekaa! Baba, nimekaa!"

Nati alijitia kukagua kioo cha pembeni.

"Haya, shuka sasa, Mama," alisema mkewe.

Mama akatoa miguu nje. Magoti yalikuwa juu kuliko nyonga. Akaegemea mbele, akasukuma. Hakuinuka. Akasogea mpaka ukingoni mwa kiti, akashika mlango, akasukuma tena, jasho likamtoka kwenye paji la uso, akainuka nusu kisha akarudi kwa kishindo.

"Nipe mkono, Mama," alisema Nati.

"Usiniguse."

Akajaribu tena. Akapumzika. Akajaribu. Mtu anaweza kuangalia mambo mengi maishani, lakini kumwangalia mama yake akishindana na kiti cha gari alichomwandalia mwenyewe, hilo Nati hakuliweza. Aligeuka akatazama ukuta. Nyuma yake alisikia pumzi, mikwaruzo ya fimbo, pumzi tena. Kisha ikaja sauti ndogo ambayo hakuizoea.

"Basi. Nitoeni."

Wakambeba, yeye na mkewe. Hapakuwa na mtu wa kuona, geti lilikuwa limefungwa, na gauni walilishika lisipande. Haikusaidia kitu. Mama aliwekwa juu ya miguu yake, akachukua fimbo, akaenda chumbani, akafunga mlango bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza. Nati alilipiga gari teke, akaumia kidole, na akaona anastahili. Roho yake ilikuwa imeshuka kuliko gari. Kile ambacho mama yake alikula kiapo hakitatokea tena, kimetokea, na kimetokea kwa mikono yake na kwa springi alizochagua yeye.

Kesho yake aligonga mlango na chai mkononi. Mama alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, kwenye kile kigoda chake cha mbao chenye kijigodoro.

"Dada yako kapiga simu," alisema bila salamu. Dada huyo alikuwa mtoto wa Mama Mkubwa. "Anasema jana mama yake kamimina chai nje ya kikombe, na kikombe kipo mbele yake. Mama yake anauliza, 'Mdogo wangu anakuja lini?' Nimesema anakuja. Sasa niambie, wewe ulipima nini?"

"Nilipima gari, Mama. Pande zote nne. Halijapishana hata unywele."

"Na mimi?"

Nati alitafuta pa kuweka chai.

"Mimi hukunipima," alisema Mama. "Umemshonea mtu gauni kwa kupima kabati. Weka hiyo chai huko. Si hapo! Huko."

Aliweka chai chini. Mama akasimama kutoka kwenye kigoda, polepole lakini bila kushika kitu, akakaa, akasimama tena, akakaa.

"Unaona? Hiki nilikikata miguu mwenyewe nilipotoka hospitali, nikakata nikakosea nikaongeza vipande, mpaka kikanikubali. Kiti kirefu sikipandi. Kiti kifupi sitoki. Pana mahali pamoja tu katikati ambapo nyonga hii inakubali kufanya kazi, na mahali penyewe ni hapa." Alijivua tepu aliyokuwa ameivaa shingoni, akamrushia. "Pima. Pima nikiwa nimekaa, godoro limebonyea. Usinipimie godoro lenyewe, anayesafiri ni mimi, si godoro."

Nati alipiga magoti sakafuni, akapima. Alipima na umbali wa visigino, na jinsi anavyoinamisha kifua kabla ya kunyanyuka, mambo ambayo hakuwahi kuyatazama. Alijisikia mjinga, lakini ujinga wa namna ile ambao unampa mtu nguvu, kwa kuwa sasa alijua kosa liko wapi. Mteja akimletea gari linalovuta upande, swali lake la kwanza huwa hubeba nani na hubeba nini. Kwa gari lake mwenyewe hakuuliza.

Muuza spea alimpokea kwa kicheko. "Umeogopa matuta?"

"Nimemwogopa mama yangu," alisema Nati. "Nipe zile za vidole viwili."

Akafungua tena kila kitu. Shokapu nje, springi nje, vyuma vya kubania, zamu kwa zamu. Mafundi wenzake walianza kucheka, kisha wakaona uso wake, wakaacha. Alipomaliza kufunga hakukaza. Boliti zote za mikono ya chini inayoshikilia magurudumu, zile zinazopita kwenye bushi za raba, aliziacha zimeshika kwa vidole tu. Bushi ukiikaza gari likiwa linaning'inia, gari likishuka raba inabaki imejisokota, inalisukuma gari juu, na baada ya muda inachanika. Lazima ikazwe gari likiwa chini limebeba uzito wake, na safari hii Nati alitaka libebe uzito wake hasa, Mama akiwemo, si wa kubahatisha. Alilisukuma gari juu ya shimo la kufanyia kazi, magurudumu yakakaa huku na huku, akaenda nyumbani kumwita mama yake.

Gereji ilikuwa mtaa wa pili. Mama aliitembea njia yote. Alipumzika kwenye ukuta wa duka la vyombo, akapumzika tena kwenye kibaraza cha kinyozi, akakataa viti viwili alivyopewa. Alipotokea mlangoni mwa gereji, kofia mbili tatu zilivuliwa bila mtu kutoa amri, na fundi rangi akakimbilia kufuta kiti cha gari kwa kitambaa safi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesema mwanangu ana mtu wa pembeni?"

Fundi rangi alitafuta pa kuweka macho.

"Usihangaike," alisema Mama. "Mtu wa pembeni ndiye mimi."

Gereji nzima ikalipuka kwa kicheko, na fundi rangi mwenyewe akacheka kuliko wote, akashukuru kuachiwa.

Mama akageuza mgongo, akakaa. Safari hii ilimbidi ajirushe kidogo kwenda juu kukifikia kiti. Nati alipima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiti kilichobonyea, akalinganisha na kipimo cha kigoda. Kiti kilikuwa juu kuliko kigoda kwa unene wa kidole.

"Si mbaya," alisema fundi umeme. "Unene wa kidole ni kitu gani?"

Nati alimtazama mama yake. Mama akatikisa kichwa.

"Leo naweza," alisema. "Njiani tukisimama, nikipanda tena nimechoka, hicho kidole kitakuwa ukuta."

Basi Mama akatoka, akaletewa kigoda chake kutoka nyumbani, akakaa kivulini, na Nati akapandisha gari na kuvua matairi kwa mara ya tatu. Juu ya kila springi pana raba ya kukalia, na zile zilikuwa nene. Alitafuta nyembamba katika makopo yake, akakosa, akazunguka gereji za jirani akiomba, akapata mbili kwa huyu na mbili kwa yule. Mgongo ulikuwa unamuuma na vidole vimechubuka. Hakuna aliyemwambia apumzike, maana walimjua. Fundi rangi, ambaye haijui springi wala haimhusu, alikuja akamshikia vile vyuma vya kubania.

Mama alipokaa tena, alikaa bila kujirusha. Nati alipima. Akapima tena kwa kutojiamini. Kisha akashuka shimoni na spana yake ndefu.

"Unafanya nini huko chini?" sauti ya Mama ilishuka kupitia sakafu ya gari.

"Nakaza. Usisogee, Mama. Kaa kama utakavyokaa njiani."

"Njiani nitakuwa nimelala."

"Basi lala."

Alikaza ya kwanza, akahamia ya pili. Juu yake gari lilikuwa limetulia, na uzito wa mama yake ulikuwa unapita kwenye kila boliti aliyoishika.

"Juzi nilikukasirikia," ilisema sauti.

"Najua."

"Si kwa sababu ulikosea. Nimeshona makoti yenye mikono miwili ya kushoto, mimi. Nilikasirika kwa sababu uligeukia ukuta."

Spana ilisimama. Nati alikuwa na vumbi machoni, au alisema moyoni kwamba ni vumbi.

"Sikuweza kuangalia, Mama."

"Uangalie. Mimi ndiye ninayeumia na ninaangalia. Tukifika kwa dada yangu usinishike, lakini uniangalie. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya, kaza."

Akakaza.

Kilichobaki kilikuwa magurudumu. Gari lililoshushwa hulala matairi kwa juu na kupoteza mwelekeo wa mbele, na ukiliachia usukani linakwenda linakotaka. Dereva mzima atalivuta na kulirudisha safari nzima, na kila akilirudisha, abiria anayumba. Mtu mwenye chuma nyongani akiyumbishwa nusu siku, hata kiti kiwe cha dhahabu, atafika amekauka.

Kwenye kona ya mtaa alikuwepo fundi mmoja aliyeitwa Mzee Uzi. Wengine walikuwa na mitambo ya mwanga na vioo. Yeye alikuwa na vigingi vinne vya chuma na uzi mrefu, na kazi yake ilikuwa kulizungushia gari uzi huo, kupima umbali wake kutoka kwenye kila rimu, mbele na nyuma ya gurudumu, mpaka magurudumu yote yatazame upande mmoja. Alikuwa mkali, na alikuwa na sharti moja ambalo wateja wengi walilichukia. Gari hulipima likiwa na watu wake ndani.

"Mama haondoki kwenye kiti," alimwambia Nati baada ya salamu. "Na wewe weka mifuko miwili ya mchanga kwenye kiti chako, mizito kama wewe."

Alivuta uzi. Akachuchumaa, akafumba jicho moja.

"Uzi wako umelegea," alisema Mama dirishani.

Mzee Uzi aligeuza kichwa polepole. "Unasemaje, mama?"

"Upande wa nyuma. Umelegea. Mimi uzi nimeushika toka sina meno ya ukubwani."

Nati alitamani ardhi ipasuke. Mzee Uzi alikunja ndita, akaenda nyuma, akaugusa uzi kwa kidole. Ulitetemeka. Akauvuta, akaufunga upya, akarudi mbele, na kwa saa nzima iliyofuata alikuwa akimwuliza Mama kila akihamisha kigingi, "Na sasa?" na Mama akijibu, "Sasa sawa," kama watu waliofanya kazi pamoja miaka.

Kwanza walisimamisha matairi yaliyolala. Nati alilegeza boliti za juu ya shokapu, akasukuma kwa bega, Mzee Uzi akiweka timazi kwenye rimu na kuamuru. Ongeza. Ongeza. Umepitiliza, rudisha nusu. Kisha wakaja kwenye tairodi, zile fimbo zinazogeuza magurudumu ya mbele. Nati alilala chini akazizungusha, robo huku, robo kule, usukani ukiwa umefungwa kwa kamba usicheze. Kila walipopata mbele, nyuma ilikuwa imesogea kidogo, wakaanza tena. Jua lilihama, mteja mwingine akaja akangoja akakata tamaa akaondoka. Hakuna aliyemwita arudi.

"Endesha," alisema Mzee Uzi mwishowe, akikunja uzi wake.

Nati aliendesha mpaka kwenye barabara iliyonyooka, Mama kando yake. Pasipo gari mbele wala nyuma, akaondoa mikono kwenye usukani. Gari likaenda. Halikuinamia kushoto wala kulia, lilikwenda mbele tu, likinguruma kwa utulivu.

"Shika usukani, we mtoto," alisema Mama. "Nataka kufika nikiwa hai."

Waliondoka asubuhi iliyofuata. Njiani Mama alilala kama alivyoahidi, akaamka, akalalamikia redio, akalala. Nati alikwepa kila shimo kama linamdai. Hakuwaza kingine. Kusimama baada ya dakika chache gerejini ni jambo moja, kusimama baada ya nusu siku ni jambo jingine, na kigoda hakijawahi kusafiri. Kila alipomtazama mama yake alimwona anasukuma nyayo zake kwenye sakafu ya gari, moja, nyingine, akiziamsha.

Walipoingia kwenye uwanja wa nyumba, Mama Mkubwa alikuwa amekaa barazani kivulini, binti yake pembeni. Uso wake uligeuka kufuata mlio wa gari, na ukapitiliza kidogo.

Nati alizunguka, akafungua mlango. Kisha akarudi nyuma hatua, akaweka mikono mgongoni, akaishika kwa nguvu, mmoja ukiuzuia mwingine. Akaangalia.

Mama alitoa miguu nje. Akaweka fimbo. Akainamisha kifua, akasukuma, hakuinuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alikaa, akameza mate. Hakumtazama mwanawe na mwanawe hakuondoa macho. Akasogeza visigino nyuma, akainama tena, akasukuma, na nyonga ile yenye chuma ikakubali. Alisimama. Alilishusha gauni lake kwa kiganja, likanyooka, akaanza kutembea.

"Nani?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Nani tena? Una dada wangapi?"

Mama Mkubwa alinyanyuka nusu, akanyoosha shingo, akahamisha kichwa huku na huku akitafuta. Mama alikuwa ameshafika ngazi ya baraza.

"Sikuoni hapo," alisema Mama Mkubwa. "Hapo pana giza. Rudi juani. Rudi palipo na jua, simama nikuone."

Mama akarudi. Alipita hatua zote alizokuwa amezipita, mpaka katikati ya uwanja palipokuwa na jua kali, akasimama wima, fimbo pembeni. Mama Mkubwa alifika ukingo wa baraza, akashika nguzo, akakaza hayo macho yake yaliyobaki. Akamkosa. Akatafuta. Akampata. Uso wake wote ukabadilika.

"Geuka," alisema. "Nikuone mzima."

Mama akageuka, polepole, hatua ndogo ndogo, akaonyesha ubavu, akaonyesha mgongo, akaonyesha ubavu wa pili, mpaka akarudi kumtazama dada yake. Hakuna aliyemshika.

"Tena," alisema Mama Mkubwa.

Mama akageuka tena.